Nyumba ina wapangaji sita na mita moja ya LUKU (umeme wa kulipia kabla): hesabu niliyopiga baada ya ugomvi wa Jumamosi

Mpangaji_Tabata (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu.

Wiki mbili zilizopita, Jumamosi saa tatu usiku, umeme ulituishia kwenye nyumba tunayopanga hapa Tabata. Tulikuwa tumechanga siku sita tu nyuma. Dada wa chumba cha nne, mwenye balbu mbili, redio na pasi, akasema mbele ya watu wote kwamba hatoi tena hata mia mpaka friji zangu zizimwe. Mke wangu anauza barafu na juisi ya ubuyu, kwa hiyo tuna friji moja na jokofu moja la kugandishia. Maneno yakawa mengi, mwenye nyumba akapigiwa simu usiku ule ule, watoto wakaamka. Sikupata usingizi. Nikaamua nipime, nijue nani anasema kweli.

Nilikwenda Kariakoo nikanunua kile kipimo cha kuchomeka kwenye soketi. Nikakiacha kwenye friji siku tatu, kwenye jokofu siku nne. Friji inakula uniti 1.3 kwa siku, jokofu 2.1. Kwa mwezi hizo peke yake ni uniti 102. Ukiongeza taa, feni na runinga, chumba changu kinamaliza kama uniti 120.

Sasa nyumba nzima. Mwezi uliopita tulichanga 95,000. Manunuzi ya kwanza ya mwezi yalikatwa 1,500 ya kodi ya jengo, zikabaki 93,500. Mita yetu iko kundi la T1, la matumizi ya kawaida, yaani shilingi 292 kwa uniti kabla ya makato. Juu yake inakaa VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, ndipo inafika 356 na senti zake. Ndiyo maana umeme wa 10,000 unakupa uniti 28. Sisi tulipata uniti 262.

Katika hizo 262, zangu ni 120, ambazo thamani yake ni kama 42,700. Mimi nilitoa 25,000, nikijiona mtu wa haki kwa kuwa wenzangu watano walitoa 14,000 kila mmoja. Uniti 142 zilizobaki ukizigawa kwa vyumba vitano ni kama 28 kwa chumba, sawa na elfu kumi na kidogo. Kwa hiyo yule dada alikuwa sahihi, na alikuwa akinilipia barafu zangu kwa miezi yote hiyo. Jumapili jioni nilimfuata na daftari, nikamwonyesha, nikamwomba radhi. Kila mmoja nimemrudishia 3,500 ya mwezi ule.

Ila kilichonifanya nifungue uzi ni kitu nilichokiona wakati napiga hiyo hesabu.

Kuna kundi la D1, la nyumba zinazotumia hadi uniti 75 kwa mwezi. Bei yake ni shilingi 100 kwa uniti, na makato inakuwa 122. Uniti zote 75 unazipata kwa 9,150. Ukivuka hapo, kila uniti ya ziada ni 350, na makato 427. Bei hizi ni za orodha iliyoanza Aprili 2016, na kundi hili liliwekwa makusudi ili mtu wa balbu mbili na redio asilemewe. Dada wa chumba cha nne angekuwa na mita yake, uniti zake 28 zingemgharimu kama 3,420 kwa mwezi. Anatoa 14,000. Hata mimi nikilipa haki yangu yote, yeye bado atatoa elfu kumi, karibu mara tatu ya bei iliyopangwa kwa ajili ya watu kama yeye. Sababu ni moja tu: punguzo linahesabu mita. Ndani ya mita yetu mna kaya sita, na kwenye kumbukumbu tunaonekana mteja mmoja mkubwa.

Nikauliza basi kila mtu aweke mita yake. Mijini, tangu Januari 2022, kuunganishiwa umeme wa njia moja (wa kawaida wa nyumbani) pasipo nguzo ni 320,960, na ikihitajika nguzo moja ni 515,618. Mpangaji ambaye mkataba wake ni wa miezi sita hawezi kuweka zaidi ya laki tatu kwenye ukuta wa mtu mwingine. Na mwombaji anayeeleweka kule ofisini TANESCO ni mwenye nyumba.

Hiyo 1,500 nayo inaniuma. Ni 18,000 kwa mwaka. Hii ni kodi ya mwenye jengo, lakini inatoka mfukoni mwa yeyote aliyetangulia kununua umeme mwezi huo. Kwenye nyumba yetu mara nyingi ni kijana wa chumba cha pili, maana yeye ndiye hupenda kuwahi.

Naomba wenye uzoefu wanisaidie. Kuna nyumba imewahi kulimaliza hili? Na wenye biashara ndogo ndani ya nyumba za kupanga mnafanyaje?

Fundi_Waya

Mkuu, umefanya jambo zuri kurudisha zile hela. Wapo wanaojua ukweli na wanakaa kimya.

Kwanza tutenganishe mambo mawili, maana watu wengi huyachanganya. Mita ndogo za kila chumba zitawaletea amani: kila mtu atalipa alichotumia. Lakini bei ya uniti itabaki 356, kwa sababu LUKU bado ni moja. Zifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, zikae ndani baada ya swichi kuu, na zisiguse kabisa waya unaoingia kwenye LUKU.

Pili, kabla hamjagombana tena, angalieni kama umeme unavuja. Zimeni vitu vyote vyumba vyote, chomoeni hata chaja, swichi kuu iacheni imewashwa. Tazameni kile kitaa chekundu kwenye mita. Kikiendelea kupepesa, kuna kitu kinakula: waya uliochubuka kwenye paa, soketi iliyoingia maji, au kuna mtu wa nje aliyejiunganisha. Nimekuta nyumba Mbagala inapoteza karibu uniti moja kila siku kwenye taa ya choo cha nje iliyokuwa inalowa.

Tatu, jokofu lako. Uniti 2.1 kwa biashara ya barafu ni ya kawaida, ila inaweza kushuka. Bana noti kwenye mlango, kisha ivute. Ikitoka kirahisi, mpira umechoka. Liache na nafasi ya kiganja kutoka ukutani lipumue nyuma. Ubuyu uliochemshwa upoe kabisa kwenye beseni la maji ndipo uingie. Na barafu zigandishwe usiku, mchana lifunguliwe kwa kutoa tu.

Jirani_Mwema

Kwetu mwenye nyumba anatuuzia uniti kwa 500. Ana mita ndogo, anasoma yeye, anaandika yeye. Nimesoma hesabu ya mleta uzi mara mbili na nimeumia sana. Nina watoto wawili, nalipa elfu 20 kwa uniti 40. Kwa D1 ningelipa 4,880.

Mama_Lishe_Kimara

Kaka Mpangaji, umezungumza umeme, mimi niingize maji, maana ni ugonjwa ule ule.

Nina mgahawa mdogo kwenye fremu isiyo na bomba. Natumia dumu 15 za lita 20 kwa siku, kuosha vyombo, kupika na kunawisha wateja. Dumu nalipia 200 likiletwa na mkokoteni. Siku 26 za kazi ni dumu 390, yaani 78,000 kwa mwezi. Sasa uniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na dumu 50. Ina maana mimi nalipa shilingi 10,000 kwa uniti. Mwenzangu wa fremu ya tatu ana bomba, anauza chakula kama mimi, mwezi uliopita bili yake haikufika elfu 25 na alitumia maji mengi kuliko mimi. Sahani ya wali tunauza bei moja. Yeye akibaki na faida ya kumlipa msaidizi, mimi nabaki na madumu.

Oktoba 2022 mto Ruvu ulipopungua na mgao ukaanza, dumu lilifika 500. Hiyo ni 25,000 kwa uniti. Nilifunga kwa siku nne. Wateja wangu wa asubuhi wawili walihamia kwingine na hawajarudi mpaka leo.

Na tusisahau kwamba maji yetu ya huku ni umeme. Mtambo wa Ruvu Juu unasukuma lita milioni 196 kwa siku na Ruvu Chini milioni 270, na zote zinapandishwa na pampu. Umeme ukitetereka kule, Kimara inakauka kwa kuwa tuko juu mlimani. Ndiyo maana hata mwenye bomba anahitaji tangi.

Mpangaji_Tabata

Mama, asante sana. Sikuwahi kugawa bei ya dumu kwa namna hiyo. Hapa kwetu tunanunua madumu pia bomba likikauka, na anayenunua zaidi ni yule yule asiye na pipa la kuhifadhia. Mimi nina mapipa mawili.

Mwenye_Mashine

Niko Makambako, nina mashine ya kukoboa na kusaga. Wafanyabiashara wadogo wanaotarajia kukua wasome hapa taratibu, kwa sababu niliumia kwa kutojua.

Ukivuka uniti 7,500 kwa mwezi unahamia kundi la T2. Ukiangalia bei ya uniti utafurahi: 195 badala ya 292. Mimi nilifurahi. Bili ya kwanza ilipokuja nilidhani si yangu. T2 ina malipo ya aina mbili ambayo T1 haina. Kuna malipo ya huduma, 14,233 kwa mwezi, hayo si tatizo. Tatizo ni malipo ya kVA, kipimo cha ukubwa wa umeme unaouvuta kwa wakati mmoja: shilingi 15,004 kwa kila kVA ya kile kilele chako cha mwezi. Mita inakumbuka ule wakati mmoja ulipovuta umeme mwingi kuliko wakati wote, na mwezi mzima unalipia kimo hicho.

Vijana wangu walikuwa wanawasha kinu cha kukoboa na cha kusaga kwa pamoja asubuhi ili kuwahi foleni. Kilele kikasoma kVA 58. Hiyo ni 870,232 kabla hujalipia uniti hata moja na kabla ya VAT. Kwa uniti 7,500, T1 ingekuwa 2,190,000. T2 ikawa 1,462,500 ya uniti, jumlisha 870,232, jumlisha 14,233: jumla 2,346,965. Nimehamia kwenye bei ndogo nikalipa zaidi.

Nilichofanya: kwanza, kukoboa asubuhi, kusaga mchana, kamwe si pamoja. Hata asubuhi moja ya kukiuka inaharibu mwezi. Tumeongeza saa za kazi na wateja wamezoea. Pili, fundi alifunga kapasita kwenye mota, kwa sababu mota za zamani zinavuta kVA nyingi kuliko kazi zinayofanya. Kilele sasa ni 34. Tofauti ya kVA 24 ni 360,096 kila mwezi. Ni mishahara ya watu ile.

Kwa hiyo, mwanzisha uzi, hata huku juu kanuni ni hiyo hiyo uliyoiona nyumbani kwako. Bei ya kwenye karatasi ni moja, na bei unayolipa inategemea umeunganishwaje na unatumiaje.

Bin_Ng'ambo

Assalaam aleikum. Niko Unguja. Bibie wa Kimara amesema kweli kuwa maji ni umeme, nami nishuhudie.

Sisi umeme wetu unatoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mwaka 2008 ulipopata hitilafu tulikaa gizani kama mwezi. Ukaharibika tena Disemba 2009 na hatukuuona umeme mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Watu wa mbali wanadhani shida ilikuwa giza. Giza tulilizoea siku ya tatu. Shida ilikuwa maji, maana maji ya Unguja mengi yanavutwa visimani kwa pampu. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kwenda kisima cha kamba ambacho hakikuchotwa miaka. Wenye jenereta wakawa ndio wenye maji. Mvuvi aliyetegemea barafu aliuza samaki kwa bei yoyote aliyoambiwa kabla ya adhuhuri.

Mwaka 2013 ukaja waya mwingine mkubwa wa megawati 100, hali ikawa nyengine kabisa. Lakini mimi tangu siku zile sijaishi bila pipa lililojaa.

Pwani_254

Ndugu zangu, huku Mombasa kiwango cha chini cha nyumbani kilikuwa uniti 100 kwa mwezi. Aprili 2023 kikashushwa hadi 30. Nimesoma kipimo cha friji ya mwanzisha uzi, 1.3 kwa siku. Hiyo ni uniti 39. Maana yake huku friji moja tu tayari inakutoa kwenye bei ya wanyonge, kabla hujawasha taa. Na kwetu bei ya stima hubadilika kila mwezi kulingana na mafuta na sarafu, kwa hiyo mpangaji hawezi hata kupanga. Nyinyi mna uniti 75 na bei imesimama tangu 2016. Tafadhali zilindeni.

Kijana_wa_Kazi

Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115. Si bei ishuke sasa?

Fundi_Waya

Mdogo wangu, swali lako ni la haki. Bwawa limeondoa mgao, na hilo mimi naliona kila siku kazini. Lakini umeme wa bwawani hautembei wenyewe hadi kwako. Kuna njia kubwa, transfoma, nguzo, mikopo. Na bei haibadilishwi kwa tangazo la mtu. Lazima EWURA ipokee maombi, iite taftishi, yaani mkutano wa kusikiliza maoni, watu waseme. Mwishoni mwa 2016 ilipitishwa nyongeza ya asilimia 8.5 ianze Januari 2017, na serikali ikaizuia kabla haijaanza. Kwa hiyo imekaa pale pale. Siku wakiita taftishi nendeni. Nimewahi kuhudhuria, ukumbi ulijaa watu wa viwanda na wanasheria wao, wapangaji tulikuwa wawili.

Mtunza_Bomba

Nipo kijijini Singida, kwenye kamati ya chombo cha watumia maji chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini. Kisima chetu kilikuwa cha injini ya dizeli. Dumu tuliuza 50 na bado hela ya mafuta ilitushinda, tukawa tunasukuma siku tatu kwa wiki. Tulipofungiwa sola, dumu limeshuka hadi 30 na tunasukuma kila siku yenye jua. Mama anayelipa 200 Kimara analipa karibu mara saba ya bibi wa kijijini kwetu. Sikutegemea siku moja niandike hivyo.

Fundi_Waya

Mpangaji, nimekaa na daftari lako usiku huu, na nadhani kuna njia.

Wewe na biashara yako chukueni mita yenu mpya, mtabaki T1, hilo halikwepeki kwa uniti 120. Mita ya zamani ibaki kwa vyumba vitano, halafu iongezwe mita moja nyingine tu. Vyumba vitano vinatumia uniti 142. Mita mbili za D1 zinabeba hadi 150. Kwanza fungeni mita ndogo miezi miwili, mjue kila chumba kinatumia ngapi, kisha mgawane ili mita yoyote isivuke 75. Uniti 142 kwa 122 ni kama 17,300. Sasa hivi wanazilipia kama 50,600. Wanaokoa 33,000 kila mwezi, na mita ya 320,960 inajilipa ndani ya miezi kumi. Baada ya hapo ni faida yao na ya mwenye nyumba, maana chumba chenye umeme wa 3,500 kinapangishika haraka.

Tahadhari tatu. Waya za ndani lazima zitenganishwe kabisa, na hiyo ni kazi ya pembeni yenye gharama yake. D1 haiji yenyewe: nendeni ofisini mkaombe, wataangalia manunuzi yenu, na mkizidisha mnarudishwa T1. Na mkishakuwa na mita tatu kwenye jengo moja, hakikisheni kodi ya jengo inakatwa kwenye mita moja tu.

Mama_Lishe_Kimara

Hiyo ya miezi kumi inaweza kwenda kama kijumbe, ule mchezo wa kuchangiana. Vyumba vitano, kila mmoja anaendelea kutoa ile ile elfu kumi aliyozoea, tofauti inaingia kwenye mita. Sisi wanawake wa soko tumenunua friji hivyo hivyo. Andikeni makubaliano na mwenye nyumba mbele ya mwenyekiti wa mtaa, anayehama kabla ya muda arudishiwe chake.

Jirani_Mwema

Dada Mama Lishe, na wewe fremu yako? Ukiwashawishi wenzako wa fremu jirani mkavuta bomba moja na mita ndogo?

Mama_Lishe_Kimara

Tuko wanne tusio na maji. Kesho naanza na muuza matunda, yeye ananunua dumu nyingi kuliko mimi. Tukimpata na wa saluni, mwenye fremu hatakataa.

Mpangaji_Tabata

Wakuu, nimerudi. Nimempigia mwenye nyumba. Hakukataa. Alichosema ni kwamba hatoi hela sasa, ila mita ya biashara yangu nikiilipia mwenyewe atanikatia kwenye kodi ya pango kwa miezi minane, na tuandikishane. Kuhusu mita ya pili ya vyumba vitano, alitaka kwanza aone hesabu kwenye karatasi, kwa sababu haamini kwamba umeme ule ule unaweza kushuka kutoka elfu 50 hadi 17. Nimemwambia hata mimi sikuamini.

Kodi ya jengo amekubali kuibeba kuanzia mwezi ujao. Atamtumia kijana wa chumba cha pili 1,500 kila tarehe moja.

Mita ndogo tumeshachangia, Fundi_Waya nimekuandikia pembeni tuelewane siku ya kufunga. Kitaa chekundu tumekitazama jana usiku, nyumba nzima tumesimama ukutani gizani na watoto: kilipepesa. Tumefuata waya, ni soketi ya uani karibu na karo. Tumeikata.

Kikao na mwenye nyumba ni Jumapili saa kumi, barazani. Dada wa chumba cha nne ndiye atakayesoma hesabu. Daftari nimemwachia yeye.